Bastola ya Baba na Safari ya Familia

Wapo katika Kisauni, Likoni na Changamwe mabwana walioruhusiwa na Serikali kubeba bastola. Ni mwenye duka la jumla anayefunga hesabu saa tatu usiku, mwenye kituo cha petroli, wakili, mwenye malori yanayoingia na kutoka bandarini. Aijuaye Mjambere na mitaa jirani yake, ambako makundi ya vijana wenye mapanga yamewahi kuwavamia watu madukani na majumbani, hatashangaa kwamba mtu mwenye mali na watoto ataka kinga zaidi ya kitasa cha mlango. Makala haya hayamlaumu mtu huyo wala hayamhimizi mwingine kumfuata. Yanazungumza na wale ambao majina yao hayamo katika cheti chake: mke aliyeketi kando ya dereva, na watoto waliolala kiti cha nyuma, usiku ule askari wa barabarani anapomulika tochi na kuashiria gari lisimame.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa kuwa wake wengi huishi na silaha ndani ya nyumba bila kuelezwa inavyosema. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimpi raia haki ya kumiliki bunduki kwa kuwa tu ni raia. Humpa ruhusa, na ruhusa hiyo yaweza kuondolewa. Anayeitoa ni Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, iliyoundwa kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2014. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru kila raia mwenye silaha ajitokeze kuchunguzwa upya, akiwaonya watakaokaa kimya kwamba vibali vyao havitatambuliwa. Kwa hiyo karatasi kuukuu iliyohifadhiwa tangu enzi za babu, hata ikiwa na mihuri mitano, haimtoshi mtu mbele ya afisa wa leo.

Jambo ambalo kila mke apaswa kulijua ni kwamba cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Aliyeandikwa ni bwana, basi anayeruhusiwa kuwa nayo ni bwana. Akimwambia mkewe, "Hebu nitilie mkobani, tukishapita pale nitaichukua," amemtia mwenziwe katika kosa la kupatikana na silaha bila cheti, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kizito. Mapenzi hayatakuwa utetezi, wala kutii kauli ya mume. Na kuna hali nyingine itokeayo kwa usahaulifu tu: bwana amerudi usiku, ameiacha bastola ndani ya kisanduku cha dashibodi, asubuhi mke achukua gari kuwapeleka watoto madrasa au shule. Akisimamishwa na gari likapekuliwa, atakayeulizwa kwanza ni yeye aliyeshika usukani. Sheria yamtaka mwenye silaha aihifadhi mahali salama wakati wote, na gari lililoegeshwa nje ya lango si mahali salama. Mke ana haki kamili ya kuuliza, kila anapopewa ufunguo, kama ndani ya gari mna kitu hicho. Asione haya, na mume asione amedharauliwa.

Wapo watakaosema kwamba silaha halali imewahi kuokoa roho za watu, na hawakukosea. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate jijini Nairobi, Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa Seneta wa Garissa, aliingia mle ndani na bastola aliyoruhusiwa kuibeba akimtafuta ndugu yake, akashirikiana na polisi kuwatoa akina mama na watoto. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilienea duniani kote. Lakini katika vurumai ile ile ya siku ile, afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wake mwenyewe. Mwenye bunduki mbele ya mwenye bunduki, ilhali hawajuani, hatari haingoji mmoja wao awe mwovu.

Kisa kinachoeleza hatari hiyo barabarani kuliko vyote kilitokea mbali na kwetu, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako wako ndugu zetu wengi Wasomali na Wakenya. Philando Castile alikuwa kijana wa miaka 32, msimamizi wa mkahawa wa shule, akiwapa watoto chakula cha mchana. Alikuwa na kibali halali cha kubeba silaha. Jioni ya tarehe 6 Julai 2016 polisi walimsimamisha katika mji wa Falcon Heights na kumwambia taa yake ya breki imeharibika. Pembeni yake alikuwapo mwanamke aliyekuwa akiishi naye, na kiti cha nyuma alikuwapo binti wa mwanamke huyo, mtoto wa miaka minne. Castile alitoa kadi ya bima. Kisha, kwa adabu, akamwarifu askari kwamba ana silaha. Askari akamwambia asiishike, Castile akajibu kuwa haishiki, mwanamke naye akasema hivyo hivyo. Risasi saba zikafyatuliwa. Tangu askari aliposalimia dirishani hadi risasi ya kwanza haikupita dakika moja.

Castile hakuwa mgeni wa vizuizi: katika miaka yake ya udereva alikwisha kusimamishwa zaidi ya mara 40, aghalabu kwa makosa madogo. Askari aliyempiga, Jeronimo Yanez, alishitakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Juni 2017 baraza la wazee wa mahakama likamwachilia. Katika jimbo lile sheria haimlazimu mwenye kibali kutangaza silaha yake mpaka aulizwe. Castile alisema kwa hiari yake, kwa kuwa aliona ndiyo salama zaidi. Yaliyompata hayakutokana na kusema kwake. Askari alisikia neno "silaha" kabla ya kusikia neno "kibali", akaona mkono ukishuka mahali asipopaona, akajaza mwenyewe pengo lililobaki, na kwa hilo dhamana ni yake. Hata hivyo familia yaweza kujifunza kitu hapo bila kumlaumu marehemu, nacho ni kwamba karatasi za gari na silaha zisiwe upande mmoja, na mkono usishuke kabla ya kuambiwa.

Je, hapa petu askari ana nini moyoni anapoliendea gari usiku? Tusiwe watu wa kusahau. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari na kuondoka na bunduki, na siku zilizofuata damu ya raia ikamwagika na maelfu wakakimbia makwao. Askari kijana aliyeletwa leo kutoka bara huenda hakuwa amezaliwa wakati ule, lakini kikosi hukirithisha kizazi kipya hofu ya kizazi kilichotangulia. Baada ya hapo yakaja mashambulizi ya miaka ya 2010, na neno "bunduki" likitajwa Likoni au Kisauni huingia sikioni mwa askari likiwa limebeba mizigo ambayo si yake mwenye gari.

Nao watu wa pwani wana yao. Desemba 2016 shirika la Haki Africa la hapa Mombasa lilitoa ripoti iliyoorodhesha visa 81 vya watu wa pwani waliouawa au kupotezwa tangu mwaka 2012, na jina la ripoti hiyo lilikuwa swali: familia tuziambie nini? Mama wa Kisauni asomaye haya huenda anaijua nyumba mojawapo kati ya hizo. Kwa hiyo mume mwenye ndevu, kanzu na kofia, mwenye bastola halali kiunoni, husimama katika kizuizi baina ya hofu mbili, ya askari na yake mwenyewe. Hofu mbili zikikutana gizani, mwenye utulivu ndiye atakayeokoa roho, na Mola ndiye mwenye kulinda.

Dini yetu haikuacha jambo hili bila adabu. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake kwa mkono, ili asimdhuru Mwislamu yeyote. Akakataza pia mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui shetani ataufanyia nini mkono wake. Katika masimulizi mengine amekataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Tazama hekima iliyomo: mwenye mishale hakukatazwa kupita sokoni, wala watu wa soko hawakuamriwa wamkimbie. Mzigo wa kuwatuliza watu uliwekwa juu ya mwenye silaha. Yeye ndiye ashike ncha.

Katika barabara ya Malindi au ya Likoni kwenda Kwale, kushika ncha kwaanza kabla ya kuwasha gari. Bastola iwe mwilini mwa mwenyewe, ndani ya ala yake, mahali pamoja pasipobadilika kila safari. Isiwe ndani ya kisanduku cha dashibodi, hasa ikiwa humo ndimo zilimo karatasi za gari. Leseni ya udereva na cheti cha silaha vikae mfuko wa juu wa shati au juu ya dashibodi, paonekane. Mke ajue bastola ilipo. Watoto wakubwa wafundishwe, kama wafundishwavyo kuvuka barabara, kwamba baba akizungumza na askari hakuna kupiga kelele "Baba ana bunduki!" wala kucheka wala kufungua mlango.

Ishara ya kusimama ikitolewa, dereva apunguze mwendo mapema na kutia indiketa ili aonekane ametii. Akishasimama azime injini, awashe taa ya ndani, ateremshe vioo vyote ikiwa vina giza, kisha aweke mikono miwili juu ya usukani. Mke aweke mikono mapajani, mitupu. Hapa nitasema neno moja kwa wanawake wenzetu: desturi yetu ya kuvuta mkoba na kuanza kutafuta simu mara tu askari anapokaribia, au kurekebisha mtandio kwa haraka chini ya buibui, haina ubaya wowote siku nyingine. Siku mume ana silaha, ngoja. Anayetaka kurekodi aiwashe simu mapema na kuiegesha mahali, si kuichomoa gizani.

Maneno nayo yana mpangilio. Salamu kwanza. Kisha cheti kitangulie, na silaha ifuate: "Afande, mimi ni mwenye cheti cha Bodi ya Silaha. Cheti kiko hapa mfukoni mwa shati. Bastola iko kiunoni upande wa kulia. Mikono yangu ndiyo hii. Niambie nifanye nini." Asingoje aulizwe, na asiseme "nina bunduki" kisha akanyamaza kumeza mate. Akiambiwa atoke, atoke polepole. Akiambiwa silaha itachukuliwa kukaguliwa, asiitoe kwa mkono wake mwenyewe mpaka aagizwe waziwazi jinsi ya kuitoa, na ikibidi amwombe askari aichukue mwenyewe. Askari ana mamlaka ya kudai cheti na kukilinganisha na silaha. Kumbishia pale si ushujaa.

Na ile tabia ya kukunja noti ndani ya leseni? Rushwa ni haramu kwa mtoaji na mpokeaji, hilo halihitaji fatwa mpya. Lakini mwenye silaha apeleka mkono mfukoni kutafuta shilingi mia mbili mbele ya askari aliyeambiwa sasa hivi kwamba kuna bastola! Hata asiyeogopa dhambi angeogopa hilo.

Upekuzi ukifika kwa mke, ajue haki yake. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 27, yasema mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenziwe, kwa kuzingatia staha. Si fadhila ya Kiislamu inayoombwa, ni sheria ya Kenya. Aseme kwa upole, "Afande, sikatai kupekuliwa, naomba askari wa kike," na arudie maneno hayo hayo bila kuongeza. Mtu akikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba chamtaka askari amweleze sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, chamruhusu kunyamaza na kuwasiliana na wakili, na chataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya siku au saa za kazi za mahakama, ambapo hufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Anayeshikwa Ijumaa jioni familia yake ilijue hilo, isije ikakesha kituoni Jumamosi ikidhani imedhulumiwa kwa kila kitu.

Askari naye amefungwa na sheria, na si haki kuwaelemeza wananchi peke yao kwa maonyo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 lamtaka ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki ni ya kutumia pale njia nyingine zilipokosa kutosha, hasa kuokoa maisha yake au ya mwingine yaliyo hatarini wakati ule ule. Kabla ya kufyatua ajitambulishe na atoe onyo la wazi, lenye muda wa kutosha kusikika, isipokuwa kama kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Risasi ikiua au kujeruhi vibaya, lazima taarifa ifike mara moja kwa mkubwa wake na kwa IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi. Gari kutosimama haraka, peke yake, hakumo katika sababu hizo.

Hapo ndipo kinapoingia kisa cha Arshad Sharif. Mwandishi huyu wa habari kutoka Pakistan alikuwa amekimbia kwao mwaka 2022 kwa sababu ya kesi na vitisho, akapitia Dubai, akafikia Kenya. Usiku wa tarehe 23 Oktoba mwaka ule alikuwa abiria katika gari la mwenyeji wake, wakitoka kwenye kambi yenye kiwanja cha kulengea shabaha huko Kajiado. Askari wa GSU walikuwa wameweka kizuizi cha mawe barabarani. Polisi walisema gari halikusimama, na kwamba walikuwa wakilitafuta gari jingine lililoripotiwa kuibwa. Walidai pia kwamba askari mmoja alijeruhiwa kwa risasi. Sharif alipigwa akafa ndani ya gari lile. Kesho yake polisi walitoa masikitiko, wakasema ni kosa la kumdhania mtu siye. Wachunguzi waliotumwa na Pakistan walikataa maelezo hayo, wakaandika kuwa yalikuwa mauaji yaliyopangwa.

Mjane wake, Javeria Siddique, naye mwandishi, alikuwa maelfu ya maili mbali, katika nchi ambayo haikuwa na polisi wa Kenya wala mahakama ya Kajiado. Mwaka uliofuata alifungua kesi akiungwa mkono na vyama vya waandishi wa habari vya Kenya. Julai 2024 Jaji Stella Mutuku wa Mahakama Kuu ya Kajiado aliamua kwamba kumpiga Sharif risasi kulikuwa kinyume cha sheria na kulivunja haki yake ya kuishi. Hata kama gari lilipita kizuizi, mahakama haikuona sababu ya kumwua mtu ambaye hakuwa ametishia maisha ya yeyote. Aliamuru mjane alipwe fidia ya shilingi milioni 10, na uchunguzi ukamilishwe ili waliohusika washitakiwe. Fedha hizo haziwezi kuitwa thamani ya mume. Lakini hukumu imebaki, na wakili yeyote wa Mombasa aweza kuishika mkononi mbele ya jaji wa hapa.

Mke wa Mjambere ana njia fupi kuliko ya Javeria. IPOA ina ofisi Mombasa. Haki Africa na MUHURI wamezoea kuwapokea jamaa wa waliodhurika na kuwaongoza. Kinachopotea upesi ni ushahidi: saa, mahali hasa, namba ya gari la polisi, namba ya askari iliyo kwenye sare yake, majina ya waliokuwapo. Yaandikwe usiku ule ule, hata nyuma ya kitabu cha mtoto. Aliyejeruhiwa apate fomu ya P3 na ijazwe na daktari. Gari lisioshwe wala lisitengenezwe. Na ikiwa kuna maiti, familia iombe daktari wake awepo kwenye uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, kwa kuwa haraka yetu ya kuzika, iliyo sunna, haikatazi kusubiri saa chache kwa ajili ya haki ya maiti huyo huyo.

Baadhi ya wajane hukaa kimya miezi minne na siku kumi wakidhani eda imewafungia mlango, na wanapotoka mashahidi wamehama na kumbukumbu zimechujuka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo tuyafuatayo wengi wa pwani, wameruhusu mjane mwenye eda kutoka mchana kwa haja yake na kurudi nyumbani kwake kulala. Kuandikisha maelezo kuhusu mauaji ya mume ni haja. Anayetaka kutuliza moyo amtume kaka yake au mwanawe kwa sheikh wa mtaa siku ya pili ya msiba, asingoje arubaini.